Rangi Isiyokauka

Wakiniuliza nilisomea wapi kazi hii
nawatajia chuo kwanza, kwa adabu,
kisha nasema kweli: Igogo, juu ya jiwe,
nimeshika kopo la rangi ya mafuta
na mjomba Lushinge anaandika HOTELI kwenye bati
bila rula, bila penseli, jicho moja kalifumba.

Herufi ya mwisho haikuenea.
Akaikunja ile I, akaibana ukingoni
kama abiria aliyechelewa meli ya Ukerewe,
akacheka peke yake:
"Ningeanza na nafasi, Ng'washi. Herufi baadaye."
Nilikuwa na miaka tisa.
Chuoni walilisema hilohilo kwa muhula mzima.

Akiandika ubavu wa mtumbwi, aliuliza kwanza
mwenyewe analitamkaje jina.
Kinyozi akisema saruni, ukuta ulisema SARUNI.
"Mlango ni wake. Mimi ni nani nimsahihishe?"
Na chini pembeni, pasipotazamwa,
alichora sato mdogo, mkia juu.
Ndiyo sahihi yake.

Baadaye Mtaa wa Rufiji, duka la Shija Maduhu,
kompyuta moja yenye feni inayokohoa,
kadi za michango, vitambulisho, mabango ya arobaini.
Wino wa waridi ulipokwisha Desemba ile
maharusi wote walitoka kijani
na sisi tukasema ndio mtindo.
Usiku nilijifunza safu na gridi
kwa video zilizokwama kila dakika.
Sikuelewa kitu
mpaka asubiri moja nilipomkuta mama anaanika dagaa,
kila mmoja na hewa yake,
hakuna aliyemlalia mwenzake.

Ni dagaa hao walioninunulia kompyuta.
Muuzaji alizinusa noti, akazihesabu mara mbili.

Halafu ikaja kazi ya mizani:
programu ya simu kwa wanunuzi wa mwalo wa Kirumba,
kilo, bei, nani anamdai nani.
Nilichora siku kumi na nne. Kitufe cha kukubali
nikakipaka kijani, kama dunia nzima inavyokubali.
Bi Nyanzobe akaishika simu kwa ncha za vidole
kama kiazi kilichotoka jikoni,
hakubonyeza.
"Kijani hiki ni cha magugu maji," alisema.
"Ziwa likiwa hivi mtumbwi hautoki.
Mbona wewe unaniambia nipite?"

Nilikuwa na rangi milioni kumi na sita
na sikuwa na jibu.
Nikamwuliza: kwako heri ina rangi gani?
Akanifungulia kiganja. Magamba, yamegandia,
fedha iliyofifia kidogo.
"Hii. Ukiiona hii, siku imekubali."

Bosi wa Dar akasema kijivu ni kitufe kilichokufa.
Nikamwalika mwaloni, saa kumi na moja alfajiri.
Hakuja. Kitufe kikabaki.

Jumapili nilimpelekea mjomba simu.
Mikono yake siku hizi inatetemeka,
chai huinywa nusu, nusu ni ya mkeka.
Akapitisha kidole juu ya kioo, akakinusa.
"Rangi hii haikauki?"
"Haikauki, mjomba."
"Basi huna hata siku ya kusema umemaliza."
Kweli. Jana tu nilisogeza neno moja,
nikalirudisha.

Akaitafuta sahihi. Akaigeuza simu, akatazama hadi mgongoni.
Nikamwambia asubiri, nikakata mtandao:
pale ambapo ukurasa hubaki mtupu
na mtu aliye katikati ya maji hajui kama amesikika,
sato mdogo hutokea chini pembeni, mkia juu,
akazunguka, akazunguka, hadi habari ifike.

Alimtazama kwa muda mrefu.
"Mkia umeukosea," akasema,
na kwa mara ya kwanza maishani mwake
akaomba penseli.